Mnene, Mwembamba na Maman

Mimi sipendi kushindwa. Naliweka wazi mapema, ili mtu asije akadhani ugomvi wa kadi mbili za kompyuta ulinijia kwa bahati mbaya. Hata karata nikicheza na mume wangu akanishinda, naenda kulala nimegeukia ukuta. Yeye anajua, na ndiyo maana akishinda huimba.

Kazi yetu ni filamu za harusi. Yeye anashika kamera, mimi nakata na kuunga. Kompyuta yetu kubwa iko sebuleni, katika nyumba yetu ya Gihundwe, kwa sababu chumba kingine hatuna, kwa hiyo wageni wakija hukaa karibu na mashine na kuangalia harusi za watu wasiowajua huku wakinywa chai yangu. Na harusi za huku si mchezo. Kabla bibi harusi hajaonyeshwa hata kisigino, wasemaji wawili wa familia, mmoja wa waoaji na mmoja wa waozaji, hutupiana maneno nusu siku nzima. Huyu anasema amekuja kuomba mke, yule anajifanya hakumbuki kama kwake kuna binti. Watu wanacheka, ng'ombe wanatajwa, kamera nne zinarekodi. Yote hayo yanaishia kwangu, na sijaona familia iliyokubali nipunguze hata neno moja la mzee wao.

Basi kadi yetu ya zamani ikafa. Nasema kadi ya picha, kile kipande kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kibebe kazi nzito ya video. Bila hicho, filamu inafunguka, lakini picha zinakwenda zikichechemea, na msemaji wa waoaji anafunga mdomo kabla sauti yake haijatoka. Muuzaji mmoja wa Kamembe, ambaye mume wangu alisoma naye ng'ambo ya mto wa mpakani, Bukavu, alikuwa na kadi mbili zilizotufaa. Tulipobishana mbele yake mpaka wateja wengine wakaanza kuondoka, akatusukumia zote mbili. "Mwende mukazijaribu kwenu," akasema. "Siku ya nne munirudishie moja. Lakini mwende."

Ya kwanza ilikuwa ndefu na nzito, toleo la zamani kidogo, na mume wangu akaipenda palepale. Tukaiita Mnene. Ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti kumi na mbili, na njia pana ya kupitishia data, lakini ilikula umeme wati mia moja na sabini kama haioni aibu. Ya pili ilikuwa fupi, mpya zaidi, nyepesi mkononi. Hiyo nikaichagua mimi, tukaiita Mwembamba. Kumbukumbu yake ilikuwa gigabaiti nane tu na njia yake ilikuwa finyu, ila chipu yake ilikwenda mbio zaidi, ilikuwa na mtambo mpya wa kubana video, na umeme wake haukufika hata wati mia moja na ishirini. Kwa asiyejua mambo haya, kumbukumbu ni ukubwa wa meza ya jikoni, na chipu ni mikono ya mpishi. Mume wangu alitaka meza. Mimi nilitaka mikono.

Lakini siwezi kusimulia kadi bila kumsimulia Maman, mama yake mume wangu. Alikuwa ameanguka kwake Bukavu, mguu ukaumia, na mwanawe, ambaye hana ndugu mwingine, akaenda kumchukua akamvusha mto, akamleta kwetu. Tulimpa chumba chenye jua la asubuhi. Tulimpa kiti kizuri na sahani ya kwanza. Na kila wiki, bila kukosa, alituambia maneno yaleyale: "Mimi niko mugeni tu hapa. Mguu ikipona, narudia kwangu."

Kila aliposema hivyo, mume wangu aliacha kula. Alijua nyumba ile ya Bukavu iko juu ya ngazi za mawe zinazoteleza mvua ikinyesha, na kwamba siku Maman akianguka tena, hakuna atakayesikia. Aliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote, na mimi niliogopa pamoja naye. Nilimpenda yule mama. Sikujua tu namna ya kukaa naye, kwa hiyo nilikaa naye kama mtu anayebeba mayai. Akisema mvua itanyesha, ndiyo, Maman. Akisema haitanyesha, ndiyo, Maman.

Kilichomtuliza kilikuwa kitambaa. Kule Bukavu Maman alikuwa na jina kwa kufuma vile vitambaa vyeupe vya kufunika redio, friji, migongo ya viti, na kila kitu ambacho nyumba yenye heshima haikiachi wazi. Kwangu aliangaza macho sebule nzima akasikitika. Televisheni yetu ni bapa, imebanwa ukutani, kitambaa hakikai juu yake, kinateleza. Viti vyetu ni vya plastiki. Kitu pekee chenye umbo la sanduku la maana kilikuwa kompyuta. Akaipima kwa shubiri, akaingia chumbani, na baada ya muda akatoka na kitambaa cheupe chenye maua ya njano pembeni, akakitandaza juu ya mashine, akarudi nyuma kukitazama. Wiki hiyo hakutaja kurudi kwake.

"Hiyo nguo usiiguse," mume wangu aliniambia jikoni.

Sikuigusa, isipokuwa nilipokaa kufanya kazi. Nikianza naiondoa, nikimaliza nairudisha, na kila mtu aliishi kwa amani.

Siku tulipofika nyumbani na kadi mbili, hatukuweza kujizuia. Watu wanaokata harusi mwaka mzima hujikuta wanaongea lugha ya harusi. Mume wangu alisimama katikati ya sebule, akaegemea ufagio kama fimbo ya mzee, akakohoa.

"Wazee wangu," akasema, "sisi kwetu tuko na binti mwenye gigabaiti kumi na mbili. Ni mutulivu, hana haraka, anaweza kubeba familia mbili kwa mara moja. Nyinyi muliona wapi mwingine kama huyu?"

Nikavuta kiti changu cha plastiki mbele. "Mzee, gigabaiti tumezisikia. Lakini binti yenu akiketi mezani, umeme wa mtaa wote unapungua. Wetu anakula kidogo, anafanya kazi mbio, na amezaliwa juzi. Huyo wenu ana umri gani, kama si siri?"

"Umri ni akili!"

"Umri ni umri, Mzee."

Maman alicheka. Alicheka mpaka akashika mguu wake mbaya. Tulimwomba awe mwamuzi, akakataa kwa mkono. "Bibi bawili mu nyumba moja? Mimi siko ndani." Kwao bibi ni mke.

Tukakubaliana kuzijaribu kwa haki. Filamu ileile, mipangilio ileile, kadi tofauti. Tulichagua harusi ya binti wa Bweyeye, kwa sababu mume wangu alirusha kamera ya angani juu ya msitu wa Nyungwe, na kwa kompyuta hakuna adhabu kubwa kama majani yanayotikisika. Kila jani linataka kuhesabiwa. Kadi inayoweza kumaliza msitu ule inaweza kumaliza harusi yoyote ya wilaya hii.

Jumapili asubuhi, Maman akiwa kanisani kwa gari la jirani, tulimpa Mnene zamu. Nilibonyeza kitufe, nikaenda kuweka maharage motoni. Maharage yalipoanza kulainika, Mnene alikuwa amemaliza. Mume wangu alisema si vibaya kwa mzee. Nikatabasamu, maana nilikuwa nimesoma yote yaliyoandikwa kuhusu kadi hizo na nilijua wangu ana mbio zaidi.

Baada ya chakula tukamchomeka Mwembamba. Tukaanzisha kazi, nikakaa naye kidogo kuona kama anaenda vizuri, naye akaenda vizuri, kisha tukazima kioo na kutoka kwenda kumtazama mtoto mchanga wa rafiki yetu. Tulimtazama, tukamsifu, tukanywa soda, tukarudi. Maharage yalikuwa yameliwa, sufuria imeoshwa, na Mwembamba alikuwa bado yuko katikati ya msitu. Feni zake zilikuwa zinalia kama pikipiki inayopanda mlima na abiria wawili. Niliondoa kitambaa, na juu yake nikakuta na kitenge kimekunjwa, nikaviweka kando bila kufikiri. Sikufikiri kwa sababu mume wangu alikuwa ameshaanza kuimba.

Aliimba mpaka jioni. Aliimba akinawa mikono. Nilimwambia kwamba kadi haipimwi kwa siku moja, akajibu kwamba hata bibi harusi huonwa siku moja tu. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia muuzaji, nikamkasirikia Mwembamba mwenyewe, kwa sababu nilimtetea mbele za watu naye akaniaibisha.

Jumatatu asubuhi, kabla sijaifunga programu, nikafungua mchoro unaoonyesha joto la kadi tangu mwanzo wa kazi. Nilitaka kujua aliumwa wapi. Mstari wa joto ulianza chini, ukatulia, ukaenda sawasawa muda wote niliokuwa nimekaa pale. Halafu ukapanda. Ulipanda kama mtu aliyefukuzwa na mbwa, na kila ulivyopanda, mstari wa mwendo ulishuka. Kadi hizi zikizidiwa na joto hujipunguzia mwendo zenyewe zisije zikaungua. Kwa hiyo Mwembamba hakuwa mvivu. Kuna kitu kilimchoma, na kilianza mara tu tulipotoka.

Nikageuka nikatazama kitambaa cha maua ya njano na kile kitenge.

"Maman," nikauliza taratibu, "jana tulipotoka, kulikuja wageni?"

"Bamama ba kanisa balikuya kuniona," akasema. "Na ile mashini ilikuwa wazi mbele yabo. Nikaifunika. Kisha ikaanza kupiga kelele, inatetemeka, naona iko na homa. Nikaiongezea kitenge yangu."

Nilikwenda jikoni nikauma kitambaa cha vyombo nisisikike. Nilicheka mpaka machozi. Mgonjwa wangu alikuwa anaungua, na Maman, kwa huruma, alimwongezea blanketi. Mume wangu alipoingia nikamwonyesha mchoro, naye akaegemea ukuta akacheka bila sauti, mabega yakiruka. Kisha sote wawili tukaacha kucheka kwa pamoja.

"Usimwambie," akasema.

"Papa, Mwembamba ameonewa!" Namwita Papa, kama wanawake wengi wa huku wanavyowaita waume zao.

"Madame, hiyo ni kadi. Yule ni mama yangu. Ukimwambia nguo yake inaharibu kazi yetu, kesho atataka nimvushe mpaka. Nakubali Mwembamba ameshinda. Chukua. Tumrudishe Mnene, yaishe."

Ushindi wa kupewa siutaki. Nikamwambia hivyo, akasema najulikana kwa hilo. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hata yeye hakuweza kulijibu: kadi yoyote tutakayobaki nayo, Maman ataifunika siku tutakayotoka, na siku moja itaungua kabisa, na harusi ya mtu ndani yake. Akakuna kichwa. Akaondoka kwenda Mururu kuonana na familia ya wateja, na mlangoni akarudia tena kwamba nisimwambie.

Mchana nikaanza jaribio upya. Sikutoka. Nilikaa pembeni ya mashine kama askari wa benki. Majani ya Nyungwe yalipoanza kuingia, feni zikapandisha sauti, na mlango wa chumba cha Maman ukafunguka. Akaja akiburuta mguu, kitambaa mkononi, kitenge begani.

"Imeanza tena," akasema. "Juu ya nini munaiachaka hivi?"

Midomo yangu ilikuwa tayari na "ndiyo, Maman". Ilikuwa imezoea. Nikasimama kati yake na mashine.

"Hapana, Maman," nikasema. "Usiifunike."

Akasimama. Nilimshika mkono, nikauweka juu ya matundu ya mashine, pale hewa ya moto inapotokea.

"Inapumulia hapa," nikamwambia. "Ukiifunika inakosa pumzi, inaanza kwenda polepole. Jana ndivyo ilivyokuwa. Haikuwa homa. Ilikuwa joto."

Mkono wake ulibaki pale, ukipulizwa na ile hewa. Hakunitazama.

"Toka siku ya kwanza niliweka hii nguo, ilikuwa inaiumiza?"

"Ingeiumiza. Tulikuwa tunaiondoa tukianza kazi, na kuirudisha tukimaliza."

"Na mutoto wangu anajua?"

"Anajua."

Akakunja kitambaa mara mbili, akakikunja tena, akarudi chumbani kwake akafunga mlango. Haukupigwa kwa nguvu. Ungepigwa kwa nguvu ningefurahi.

Mwembamba akamaliza msitu mapema sana kuliko Mnene. Nilishinda, tena kwa haki, na hapakuwa na mtu wa kumwimbia. Kwa kuwa nilikuwa bado nahitaji kitu cha kufanya na mikono yangu, nikamfungulia kazi nzima, kamera zote nne kwa pamoja, wasemaji wawili na umati wao na ngoma, kama ninavyofanya siku za kazi. Akaenda kidogo, gigabaiti zake nane zikajaa pomoni, picha zikaganda, programu ikajifunga yenyewe. Nikamtoa nikamrudisha Mnene. Akakokota, akanguruma, akabeba kamera zote nne bila kuangusha hata moja. Kwa hiyo mikono ya haraka ilikuwa ya Mwembamba kweli, na meza ilikuwa ya Mnene, na harusi zetu, kusema ukweli, zinahitaji meza. Mume wangu alikuwa sahihi. Niliumia, lakini si sana, kwa sababu nilikuwa natega sikio kwenye ule mlango.

Mume wangu aliporudi nilimweleza yote. Nilipofika kwenye habari ya kadi, hakuimba. Aliketi kwenye kiti cha plastiki akauliza tu kama mama yake alilia.

"Sijui," nikasema. "Alifunga mlango."

Maman alikula chumbani mwake. Mume wangu alipeleka sahani na kurudi nayo nusu. Hatukulaumiana kwa maneno, ila alinitazama mara moja, na mtazamo ule nilistahili.

Jumanne asubuhi mume wangu alikuwa anamrudisha Mwembamba kwenye boksi lake, ampeleke Kamembe, Maman akatoka. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea na kitenge cha safari. Mume wangu aliacha boksi wazi. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria ya chai, nikasimama mlangoni, nikajua basi, nimemwondoa mama wa watu nyumbani.

Hakwenda kwenye kiti chake kizuri. Alikuja jikoni, akanipita, akakaa kwenye kigoda changu cha kumenyea viazi.

"Muko munaninyamazia juu ya nini?" akasema. "Toka nifike hapa, ndiyo Maman, ndiyo Maman. Hivyo banaitikiaka mugeni. Mugeni akimwaga chai, banasema haina shida. Muntu wa nyumba, banamwambia angalia, umemwaga chai. Mutoto nilimuzaa mwenyewe ananiogopa kama padiri. Mimi najisemea kila siku, hapa hawanihitaji, hapa niko mugeni. Jana njo siku ya kwanza muntu ananiambia hapana mu hii nyumba."

Mume wangu alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu.

"Basi na mimi nilikuwa nanyamaza," Maman akaendelea, sasa akinitazama mimi. "Sombe yako ya majani ya muhogo iko na chumvi mingi. Na maharagi, unayatoa ku moto mbele yaive."

Nimeshasema mimi sipendi kushindwa. Damu ilinipanda kabla akili haijafika.

"Maharage yangu yanaiva, Maman! Ni meno yako!"

Nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha mabega ya Maman yakaanza kuruka, bila sauti, vilevile kama ya mwanawe anapocheka, mpaka akalazimika kushika meza.

"Meno yangu," akasema akijifuta macho. "Umesikia bibi yako? Meno yangu!" Akaingiza mkono ndani ya kitenge, akatoa ufunguo, akamnyooshea mume wangu. "Kamata. Ukimaliza Kamembe, pita ngambo. Tuende bote, nikuonyeshe bya kubeba. Unibebee masufuria yangu, hii ya bibi yako ni mepesi, inaunguza. Ulete na kabati. Nyumba uiachie ule mupangaji mwenye alikuwa anaiomba."

Mume wangu akapokea ufunguo. Alitazama ufunguo, akamtazama mama yake. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu amvushe mto, akamwambia hapana: kabati lile ni kubwa mno, halitapita mlangoni. Maman akasema litapita. Mwanawe akasema halipiti. Wakabishana, wote wawili wakipimana kwa mikono hewani, mpaka chai ikapoa.